Maoni ya Mdau Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Wafuasi wangu mtandaoni: kumi na mmoja. Wafuasi wa mdogo wangu: elfu nne mia sita na wawili. Nimeangalia mara tatu, nikidhani simu imekosea. Haijakosea.

Niweke kumbukumbu sawasawa, kwa faida ya atakayelisoma daftari hili nikiwa sipo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Uraia. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watu sheria ni nini, kanuni ni nini, na tofauti yake. (Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni huwekwa na Waziri, kwa mamlaka aliyopewa na sheria. Wengi hawajui. Wanaishi hivyo hivyo.) Tangu mwaka jana nafundisha kwa simu, bure. Video tisini na sita. Wafuasi kumi na mmoja, na mmoja wao ni mimi mwenyewe kupitia simu ya mama watoto.

Mdogo wangu anachonga miko. Miko! Kijiti cha kukorogea! Darasa la sita alilirudia. Nilimfundisha mwenyewe na kumfelisha mwenyewe, kwa haki kabisa. Tunaishi katika nyumba moja aliyotuachia marehemu baba. Mimi na mke wangu mbele, yeye na karakana yake uani. Dirisha langu la kusomea linatazama huko huko. Kila nikiinua macho kitabuni, namwona anaupiga picha mwiko. Anaugeuza. Anaupiga tena. Kama bibi harusi.

Leo wakati wa chai katangaza. Mama mmoja wa ng'ambo, mwenye duka la vyombo vya jikoni, ameziona picha na kuagiza miko mia tatu. Mzigo uondoke kabla ya tarehe tano Aprili. Ukienda salama, mama yule atachukua mwingine kila msimu. Usipokwenda, atatafuta mchongaji wa nchi nyingine, na hawa wachongaji sita walioko uani itabidi warudi makwao. Mdogo wangu alisema hayo taratibu.

Mke wangu akapiga vigelegele. Vigelegele! Nilipotimiza video ya tisini, aliniuliza kama nimezima jiko.

Wivu? Mimi? Hata kidogo. Najiuliza tu kama taratibu zimefuatwa.

Jumanne, 4 Machi

Mungu si Athumani. Nikiwa kwa kinyozi, nimeokota gazeti la wiki iliyopita. Ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la mnada: Wizara imeandaa rasimu ya Kanuni za Biashara ya Mtandaoni, na inawaalika wadau watoe maoni kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Nieleze. Mdau ni mtu yeyote mwenye jambo lake katika jambo hilo. Mimi nina jambo langu.

Nimeondoka na gazeti, nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

Alhamisi, 6 Machi

Kurasa kumi na nne. Mkono unauma, roho inacheka. Rasimu ilikuwa dhaifu, imeandikwa na vijana wenye haraka. Inasema muuzaji wa mtandaoni ajisajili "kwa njia rahisi". Rahisi! Nimefuta. Nikapendekeza yafuatayo, nikitetea kila moja kwa hoja.

Kwanza, kila muuzaji awe na bango langoni. Si la karatasi, la kuchanwa na mvua, bali la mbao ngumu, sentimita sitini kwa tisini, herufi za kuchongwa. Nani siku hizi anajua kuchonga herufi? Hapo watatokwa jasho! (Kelele za patasi uani zilikuwa zinanivurugia mawazo. Nimefunga dirisha.)

Tena, rasimu inataka taarifa za wateja zihifadhiwe ndani ya mipaka ya nchi. Sawa, lakini ndani ya nini? Kompyuta nani anajua inakaa wapi? Nimeandika: ndani ya daftari la jalada gumu, kwa mkono, kwa wino, jina la mteja na anwani yake yote. Anwani za ng'ambo ni ndefu. Mdogo wangu ana mwandiko wa kuku.

Halafu kiini chenyewe. Kila muuzaji awe na Msimamizi wa Uzingatiaji, mwenye umri usiopungua miaka sitini na shahada ya chuo, wala asiwe mwenye biashara mwenyewe, ili kuzuia udanganyifu. Sasa, katika nyumba hii, nani ana zaidi ya miaka sitini na shahada? Nitakuwa nimekaa barazani. Atakuja. Nitamwambia nitafikiria.

Mwisho, tafsiri ya maneno. Rasimu inasema muuzaji ni "anayeuza". Pengo kubwa! Si atadai kwamba mwiko ni zawadi? Nimeandika: mtu yeyote atoaye kitu chochote mtandaoni, kwa malipo au bure. Hapo hata panya hapiti.

Mama watoto kachungulia, akauliza naandika nini. Nikamwambia ni mchango wangu kwa taifa. Akasema taifa lingeanza kwa kushukuru mchango wa bomba la bafuni, linalovuja tangu Januari.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi ya biashara, dirisha namba tatu. Binti aliyeketi hapo kaniuliza maoni gani. Nikamweleza maana ya ushirikishwaji wa umma, kwa kifupi, dakika ishirini. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Mmoja akasema mzee huyu kaja kuhutubia au kufuata huduma.

Sanduku la maoni halikuonekana mara moja. Lilikuwa linauzuia mlango usijifunge. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, ya mtu anayelalamikia choo.

Muhuri umegongwa saa tisa na dakika hamsini. Mdau kamili!

Jumatano, 26 Machi

Zimetoka! Kwenye Gazeti la Serikali! Nimesoma nimesimama. "Baada ya kuzingatia maoni ya wadau, Waziri ameridhia." Kisha bango langu. Daftari langu. Msimamizi wangu. "Kwa malipo au bure." Hata koma zangu wameziacha zilipo.

Wadau, wameandika. Wingi. Nadhani ni wa heshima.

Nimelia kidogo. Miaka thelathini na minne nafundisha jinsi kanuni inavyozaliwa, leo nimeizaa. Na siwezi kumwambia mtu! Nilimwambia mke wangu kwamba kanuni mpya zimeandikwa kwa ufasaha wa ajabu. Akasema vizuri, nimpitishie chumvi.

Ijumaa, 28 Machi

Mzigo wa kwanza umerudishwa kutoka posta. Miko hamsini, imefungwa vizuri na kamba, juu yake karatasi nyekundu: hakuna namba ya usajili. Na namba haipatikani bila bango, daftari na msimamizi.

Uani kimya. Hakuna patasi, hakuna msasa. Wachongaji wamekaa juu ya magogo. Yule anayeitwa Kobe, kwa kasi yake, alikuwa anausugua mwiko mmoja ule ule kwa kidole gumba, bila kuutazama. Mdogo wangu anazunguka na simu sikioni akimwambia mama wa ng'ambo kwamba ni suala dogo tu. Mama yule, nasikia, kajibu kwamba ana wachongaji wengine wawili wanaosubiri kwenye foleni yake.

Ukimya mtamu kwa kusomea. Nimesoma ukurasa mmoja tangu asubuhi.

Jumamosi, 29 Machi

Amekuja! Kaketi kwenye kigoda, mimi kwenye kiti cha mkono, kama inavyopasa. Kaanza na "Kaka mwalimu". Hakuwahi kuniita mwalimu tangu nimfelishe. Kasema wote uani wanamtazama yeye, na yeye hana wa kumtazama isipokuwa mimi, maana sheria naijua tangu yeye hajajua kufunga kamba za viatu.

Mpango ulikuwa ninyamaze. Nikohoe. Niseme jambo hili ni zito, tuonane wiki ijayo.

Lakini akauliza, kaka, kwani kanuni ni kitu gani hasa?

Jamani. Mtu mzima aulizwe swali kama hilo na anyamaze? Nilianza na tofauti ya sheria na kanuni. Nikaingia kwenye vifungu. Nikamwonyesha kipindi cha mpito cha siku thelathini, ambacho watu wa posta wenyewe hawakukisoma: mwenye msimamizi na daftari anapewa namba ya muda, na bango anaruhusiwa kulileta baadaye. Nikamweleza fomu gani, dirisha gani, muhuri upi. Alitoa penseli sikioni akawa anaandika kwenye kipande cha ubao. Saa tatu! Mwanafunzi bora niliyepata tangu nistaafu. Mwishoni aliuliza kama msimamizi lazima awe mwanasheria. Nikasema la hasha, miaka sitini na shahada, basi, shahada yoyote. Nikajiweka vizuri kitini. Nikasubiri.

Akanishukuru kwa mikono miwili. Akainuka. Akaenda jikoni.

Nadhani alikuwa na kiu.

Jumatatu, 31 Machi

Hakuwa na kiu.

Mke wangu ndiye Msimamizi wa Uzingatiaji. Miaka sitini na mmoja. Shahada ya uuguzi, aliyoisomea jioni akiwa na miaka arobaini na mitano, mimi nikilalamika kwamba chakula kinachelewa. Imetundikwa juu ya jokofu miaka yote hii. Nilidhani ni kalenda.

Nikamwambia kifungu kilikusudia mtu wa namna fulani. Akavaa miwani, akaniomba nimwonyeshe palipoandikwa "mwanamume" au "mwalimu". Nimekisoma mara nne. Kimeandikwa vizuri sana. Hakina mwanya.

Mdogo wangu anamwita "Bosi shemeji". Wanacheka. Nasikia hadi huku, dirisha likiwa limefungwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mzigo umeondoka saa nne asubuhi, siku ya mwisho kabisa. Miko mia tatu. Kobe alicheza ngoma peke yake kuzunguka gari, na kwa mara ya kwanza alikuwa na haraka.

Chai yangu nimejipikia. Mama watoto yuko karakanani na daftari la jalada gumu. Mwandiko wake mzuri tangu ujana. Barua alizoniandikia zamani nilizihifadhi kwa ajili ya mwandiko tu (na mengine). Sasa kwa kunakili anwani amegundua wateja fulani wameagiza mara tatu, mara nne. Akawaandikia vikaratasi vya shukrani kwa wino, akavitia ndani ya vifurushi. Wateja wanavipiga picha na kuvionyesha mtandaoni. Wanauliza ni nani mwenye mwandiko ule.

Wafuasi wa mdogo wangu: elfu tano na mia tisa.

Mimi bado kumi na mmoja. La, kumi. Mama watoto amefuta kitu kwenye simu yake ili apate nafasi ya picha za miko.

Jumatano, 9 Aprili

Foleni imeanzia langoni hadi kwa fundi viatu. Nilidhani kuna msiba.

Wote ni wauzaji wa mtandaoni. Muuza viatu. Mshonaji wa mashuka. Binti wa keki. Kijana mmoja anayeuza vifuniko vya simu, ambavyo mwenyewe hajawahi kuviona. Kila mmoja ana siku chache za kuwa na bango la mbao ngumu, sentimita sitini kwa tisini, herufi za kuchongwa. Na katika mji mzima, nani anajua kuchonga herufi?

Mdogo wangu amechukua wachongaji wengine wanne. Amekodi na banda la jirani, lile la fundi wa kuchomelea aliyehama. Mitungi ya gesi bado imo ndani, mashine imo. Mtu wa mbao na mitungi ya gesi, wapi na wapi! Sifa zimempanda kichwani.

Muuza viatu alipita barazani akalaani kwa sauti aliyetunga kanuni hizi. Alisema alikuwa anauza jozi mbili tatu kwa wiki kwa simu yake, bila kumsumbua mtu, na sasa anatakiwa awe na bango kubwa kuliko mlango wake. Mdogo wangu akamtuliza, akamwambia ukiona vyaelea, vimeundwa. Wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeitwa ofisi ya biashara. Nilivaa koti. Nilijua wamemtambua mdau.

Dirisha namba tatu. Binti yule yule. Kaniambia Darasa la Uraia, yaani video zangu, limesimamishwa kwa kutosajiliwa. Nikacheka. Nikamweleza kwamba mimi siuzi, natoa bure. Akanigeuzia kitabu na kuweka ukucha wake mwekundu juu ya mstari: "mtu yeyote atoaye kitu chochote mtandaoni, kwa malipo au bure."

Nikasema ibara hiyo ililengwa kwa watu wa miko. Akasema haitaji miko popote.

Kisha akainama dirishani akaniuliza, kwa siri, kama mimi msomi naweza kudhani ni nani aliyewaletea upuuzi huu, maana ofisi nzima wanataka kumjua. Hata mhasibu. Siku zote za maisha yangu nimengoja niulizwe swali la namna hiyo! Nikasema lazima ni mtu aliyesoma sana. Akasema ndiyo, aliyesoma sana na asiye na kazi.

Nimekuja nyumbani kwa miguu.

Nahitaji bango. Nahitaji daftari. Nahitaji msimamizi ambaye si mimi mwenyewe, ili kuzuia udanganyifu. Jioni nikamwomba mama watoto. Kafungua daftari lake, kapitisha kalamu kwenye orodha. Anawasimamia wauzaji watano sasa. Kasema atanipa nafasi Jumanne, kati ya binti wa keki na mashuka, na nije na nakala mbili za kitambulisho. Miaka thelathini na nane ya ndoa! Nikamuuliza hanijui? Kasema ananijua vizuri sana, ndiyo maana anataka nakala.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepanga foleni uani kwangu mwenyewe. Wa tisa.

Mdogo wangu aliponiona alinitoa kwenye mstari. Bango langu alishalichonga, kwa mkono wake, usiku wa jana na asubuhi ya leo. DARASA LA MWALIMU. Pembeni kitabu kilichofunguliwa, na kurasa zake unaweza kuzihesabu. Mbao imesuguliwa hadi inateleza kama sabuni. Nilitafuta kosa. Nikalitafuta tena juani.

Akanikataza kushukuru. Kisha, akiwa anapuliza unga wa mbao kwenye herufi, akasema polepole kwamba siku ile alipozisoma kanuni alikuta maneno "kwa mujibu na kwa kadiri itakavyokuwa", na kwamba duniani anamjua mtu mmoja tu anayesema hivyo, tena mpaka anapoomba sukari.

Kobe akaacha kusugua. Mke wangu akageuza ukurasa wa daftari taratibu sana.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, si ungeniambia tu? Ningekufundisha kupiga picha."

Hakukasirika. Ndilo lililoniudhi. Mtu akikasirika, unajua pa kukaa.

Kisha akanisimamisha kando ya bango, akageuza kidevu changu kuelekea mwangaza, kama anavyoigeuza miko yake, akapiga. Akaituma kwa watu wake wote na maneno haya: Huyu ndiye aliyenifundisha.

Nilikwenda kulitazama bomba la bafuni. Nilikaa huko muda. Macho yalikuwa yamejaa unga wa mbao.

Jumatano, 16 Aprili

Darasa limefunguliwa tena. Wafuasi wangu: mia tatu na arobaini! Kwa siku moja!

Nimesoma waliyoandika. Mmoja kauliza bango ni mbao gani. Wa pili kauliza kama mwalimu naye anauza miko. Mwingine kasema uso wangu na wa Bwana Miko zimefanana, ila wa Bwana Miko una furaha. Wote wametoka kwake. Wafuasi wa kuazima! Na yeye mwenyewe, kwa picha ile ile, picha yenye uso WANGU, amefika elfu saba na mia moja.

Haiwezekani. Haiwezekani kabisa.

Gazeti la leo, ukurasa wa kumi na saba: kutokana na malalamiko ya wananchi, Wizara itazifanyia kanuni marekebisho, na inawaalika wadau watoe maoni kabla ya Ijumaa ijayo, saa kumi jioni.

Nimekata karatasi mpya. Safari hii nimefikiri kwa kina, maana makosa ya kwanza yalitokana na mbao. Mbao huliwa na mchwa. Mchwa ni hatari kwa biashara ya taifa zima. Nitalieleza hilo kwa kurasa nne. Kwa hiyo, kwa mujibu na kwa kadiri itakavyokuwa, mabango yote yang'olewe na kuwekwa ya chuma, herufi za kuchomelewa. Chuma! Tumwone sasa mchonga mbao atatokea wapi.

Nimeketi dirishani. Siwezi kuandika vizuri. Tangu asubuhi kuna mwanga wa buluu unaomweka kutoka lile banda la jirani, unaniumiza macho, na mdogo wangu namsikia akimwambia Kobe ashike kinyago cha uso vizuri, asitazame moto.

Nimefunga pazia. Naendelea.